Empereur Amezaa

Butembo, Vulamba, siku ya mungu, tarehe 4 mai 2025

Empereur amezaa.

Séphora mutoto wangu, nimeweka hiyo mbele ya salamu juu haikuweza kungoja. Sasa jambo sana. Uko muzima? Kile kikohozi ya vumbi ya Beni kiliisha? Sisi huku tuko bazima, mugongo tu njo inanisumbua, kubeba mufuko ya makala, ile makaa ya kupikia, haina huruma.

Asubui nilifunua bassine nimupe mende yake, nikaona mugongo yake imekuwa nyeupe, kama vile mutu alimumwangia muchele. Nikainama. Muchele ilikuwa na miguu. Batoto, Séphora, batoto beupe, balaini, bamepandana juu ya mama yabo, na yeye ametulia na mukia juu, ananiangalia kama mama wa maternité. Tangu alitoka mu mufuko ya makala na wewe ukanishika mukono nisimupige kiatu, tunamwita Empereur, kumbe ni mwanamuke. Mimi sina haya. Ni mwalimu wako Ananie njo alimwita vile, ile siku alikusindikiza huku. Alisema mbele ya batu: huyu ni scorpion empereur, mukubwa kupita nge zote. Mimi nilirudilia tu.

Jirani Eliane alikuja kuangalia. Akanishauri nichemushe maji nimwange, mbele batoto hawajatawanyika mu avenue nzima. Maji ya moto, juu ya mama mwenye ametoka kuzaa. Nilimuuliza, ile siku yeye alizaa mapacha, tulimuletea maji ya kunywa ao ya kumwanga? Alienda bila kuaga.

Ambia Ananie. Ambia classe nzima. Mu Butembo hakuna mama mwingine mwenye anachunga Empereur, na hakuna mwingine mwenye mutoto wake anasoma banyama kama wewe.

Mama yako, na mama ya Empereur pia,
Kanyere


Beni, tarehe 11 mai 2025

Mama mupenzi,

Nakusalimu sana. Kikohozi kimeisha. Aruna alinipa barua na ndizi, hazikupondeka mu minibus yake. Nilisoma habari ya batoto ba nge mu chumba chetu kwa sauti, basichana benzangu bote bakapiga makofi.

Lakini Mama, kaa chini kwanza. Yeye si Empereur. Nimetafuta mu vitabu. Ile ya kweli inakaa mbali, upande wa Afrika ya magaribi, na mwili yake ni munene. Wetu ni bapa kama jani, mukia yake ni mwembamba, juu yeye ni wa kujificha chini ya maganda ya miti. Jina la ukoo wake ni Opisthacanthus. Jina lake mwenyewe ndani ya ule ukoo sijalijua. Ndugu zake wanafanana sana, ni lazima kuhesabu vinywele vidogo vya ku makucha chini ya loupe kubwa, kile kioo cha kukuza vitu.

Nilimwambia mwalimu Ananie, CT wetu. Hakufurahi. Alisema kama nataka kuonyesha kwamba yeye alikosea, basi nimuletee huyo nge ndani ya chupa ya alcool, atatuma kwa wataalamu. Bila hiyo, TFC yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, itakuwa na ukurasa wenye tundu.

Mama, ninakuomba. Itakuwa haraka, hatateseka.

Binti yako,
Séphora


Butembo, tarehe 15 mai 2025

Séphora,

Jambo. Afya yangu ni nzuri upande wa mwili. Upande ingine usiulize.

Kwanza umemuondoa Empereur ku kiti yake. Unajua mimi niko nani huku sasa? Ku paroisse bananiita Mama Empereur, hata catéchiste. Nikienda leo kusema kama ilikuwa uongo, nitapitisha uso wapi?

Sawa, niache hiyo. Donc ni nani? Unasema ukoo wake tunaujua, jina yake bado. Bado namna gani? Kwetu mutoto halali hata usiku moja bila jina. Wewe ulitoka wa kwanza kati ya basichana, ukawa Masika mbele kitovu hakijakatwa, padiri alikuja nyuma sana na Séphora yake. Mwanaume wa pili ni Kambale, hakuna mutu anatafuta loupe. Bale batu ba vitabu baulizane tu nani alionekana wa kwanza, nani alifuata, bimalizike.

Halafu ile ya chupa. Nimesoma, nikarudilia kusoma, nikafikiri macho yangu imeharibika. Batu banatafuta jina ya mama, banamuua juu bajue bamwite nani. Bakimaliza kumwita, nani ataitika?

Batoto bako bado ku mugongo yake. Mwambie Ananie, kama anapenda kuhesabu vinywele, yeye mwenyewe iko na mingi mu pua, aanzie pale.

Mama yako mwenye hasira,
Kanyere


Beni, tarehe 25 mai 2025

Mama,

Salamu. Niko muzima. Tafazali funga barua zako vizuri. Aruna alisoma ile ya mwisho, na sasa bachauffeur bote ba parking banaongea juu ya pua ya CT.

Haujanielewa. Bila jina kamili nitaandika « sp. », maana yake aina haijulikani. CT amesema wazi atanikata points, na mimi siko na points za kutupa. Ninaweza kuanguka. Nikianguka, ni kurudia mwaka, na wewe ni kurudia mwaka wa kubeba makala. Juu ya nge moja. Unajua vile nilimupenda, ni mimi nilimuokoa ku kiatu yako.

Alhamisi Aruna atakuletea chupa, alcool iko ndani tayari. Batoto uchunge. Mama yabo umutie, ufunge. Usiniandikie maneno mingi.

Binti yako,
Séphora


Butembo, Alhamisi ya Ascension, tarehe 29 mai 2025

Séphora mutoto wangu,

Jambo. Chupa imefika. Aruna anangoja ku mulango na moteri inawaka, kwa hiyo maneno haitakuwa mingi, vile uliomba.

Nilijaribu. Usiseme kesho kama mama yako hakujaribu juu ya masomo yako. Nilifungua chupa, nikakamata koleo ya makala, nikainua kile kipande ya nyungu anajifichaka chini yake. Batoto bameshuka ku mugongo, bameanza kuwa beusi. Yeye alikuwa anakamata mende, anaivunja, anaacha vipande chini, na bale batoto banakuja kukula. Yeye mwenyewe hakukula. Nilikaa pale mupaka ikaisha, hakukula.

Mukono yangu ilikataa.

Miaka yote hii nimekuwa nakula nyuma yako, kile ulibakisha, na sikukuambia, juu hiyo si habari ya kuambia mutoto. Leo unaniambia kwa sababu yako nimufunge mama mwingine mu chupa mbele ya batoto bake. Nani alikufundisha hiyo, ni masomo? Basi hiyo masomo iko na tundu kubwa kupita ile ya ukurasa.

Alcool nimemwanga inje, mu lupango ya nyumba. Chupa inarudi na mafuta ya mawese, utie ku maharagi, bananiambia umekonda. Ukianguka, sema ni mama yako alikuangusha. Nitakuja kuitika mwenyewe.

Hasira yangu haijaisha. Aruna anapiga klakson.

Mama yako


Beni, tarehe 22 juin 2025

Mama mupenzi,

Habari ya mugongo? Habari ya Eliane, ya batoto ba bassine? Mimi niko muzima. Usione mubaya juu nilinyamaza. Nilikuwa na hasira, nikakula mafuta yako na hasira, mupaka chupa ikabaki mutupu, na hasira nayo ikaisha vile vile.

Juzi niliingia mu bureau ya CT. Nilimwambia nitaandika Opisthacanthus sp., na nitaandika tena kwamba yuko muzima, Butembo, kwa mama yangu. Akaangalia bengine mu bureau, akauliza:

« Mama yako sasa ni laboratoire? »

« Ndiyo, CT. »

Hakucheka. Alisema points atakata, jury ikubali ikatae. Nimekubali akate. Mama, nilitembea mupaka nyumbani, sikurudi kumuomba. Kama ningeandika jina lote, kila siku ningemuona yeye ndani ya ile chupa.

Ukurasa wenye tundu nimeujaza na kuzaa kwake, vile ulinielezea: ile rangi, namna walipanda, namna anawavunjia mende. Chini nimeandika: imeonwa na Madame Kanyere.

Tarehe ya kutetea TFC mbele ya jury imetoka, utaiona ku kakaratasi nimefunga hapa. Njoo, tafazali. Wewe tu. Na yeye wa mu bassine usimulete.

Binti yako,
Séphora


Butembo, siku ya mungu, tarehe 29 juin 2025

Wewe tu, unasema. Mimi tu?

Jambo kwanza, mutoto wangu, jambo ya moyo yote. Mugongo imepona, sijui ilienda wapi. Batoto ba bassine bananenepa, nimebatafutia bassine ya pili.

Sasa unisikilize. Mutu anataka kukata points ya mutoto wangu juu hakuua, halafu mimi nikuje peke yangu, nikae nyuma, nipige makofi kidogo? Hapana. Akate, lakini akate mbele ya macho ya batu. Nataka nione mukono yake.

Jana ku robinet ya maji nilimwambia Eliane mwenyewe, mbele ya bamama bote, kama Empereur ilikuwa kosa ya Ananie na mimi nilitembeza ile kosa mu Vulamba nzima. Alicheka mupaka akaweka bidon chini. Nilimungoja amalize. Nikamwambia Empereur iko mu kila kitabu, mutu yoyote anamujua. Huyu wetu, vitabu vimefunguliwa vyote na hakuna yenye inaweza kumutaja. Tena mimi niko mu kitabu, jina yangu iko chini ya ukurasa. Eliane akauliza minibus inatoka saa ngapi.

Kwa hiyo Aruna ameacha bapassager bengine, minibus ni yetu. Chorale ya bamama iko, catéchiste iko, Eliane na mapacha yake bako. Yeye nitamupakata mwenyewe mu bassine, kifuniko nimetoboa. Najua ulikataza. Ananie atafutiwe kiti ya mbele kabisa, aangalie vizuri mama mwenye yeye alitaka atumiwe mu chupa. Akitaka kuhesabu vinywele ahesabu pale, nge akiwa muzima, na yeye Ananie akiwa muzima.

Wewe vaa kitenge yako ya bluu, uinue kichwa, usiseme pole pole. Ambia mulinzi wa ku porte afungue milango yote mbili. Tunafika bote Jumamosi, tarehe 12 juillet, mbele ya saa tatu ya asubui.

Mama yako