Meno ya Virginia na Mtungi wa Arobaini na Mbili

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Edith,

Chamgei? Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Kiprono na Cheryl, na kwamba goti lako halikusumbui sana na baridi ya mwezi huu. Je, yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua utashangaa kwa nini sikukutumia sauti kwa WhatsApp kama kawaida. Simu yako huishi mikononi mwa Cheryl, na ujumbe wangu humfikia jirani kabla haujakufikia wewe. Hili ni lako peke yako. Virginia, tunayeishi naye chumba kimoja, anakuja likizo Jumapili, na ameahidi kukuletea barua mkononi. Jambo lenyewe linamhusu Kiprono, na nimetaka ulisikie kwangu kabla hajakupigia simu. Hajaumia, hajafungwa, usishike kifua. Lakini huenda mwanao akapoteza kazi, na aliyesababisha ni mimi.

Sasa niruhusu nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitalia.

Mwezi wa Aprili mwalimu mmoja alihama kutoka jengo tunalolinda kule The Pearl, akaacha sanduku mapokezi. Sheria yetu ni kwamba kitu kikikaa siku thelathini bila mwenyewe, askari anaruhusiwa kukichukua. Wenzangu walikimbilia pasi na sufuria. Mimi niliyechelewa nikabakiwa na kitabu kinene cha wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Nikasema haidhuru, kitaninyoosha Kiingereza.

Shangazi, wale watu wamenichanganya. Thales alisema asili ya kila kitu ni maji. Mwingine akaja akasema la, ni hewa. Mwingine akasema moto. Pythagoras na wafuasi wake wakasema ni namba, na juu ya hayo wakakataza watu kula maharagwe! Hebu mtu aje kwetu akataze maharagwe, githeri tutapika na nini? Lakini aliyenimaliza ni Zeno. Anasema mkimbiaji hodari akimwacha kobe atangulie kidogo, hatampata kamwe, kwa sababu kila akifika pale kobe alipokuwa, kobe ameshasogea. Kumwambia Mnandi, mtu wa kabila la wakimbiaji, maneno kama hayo! Nimeusoma ukurasa ule mara nne nikitafuta kosa. Najua liko, lakini mpaka leo sijaliona.

Nikawa najiuliza, watu waliokosea hivi wanaitwaje mababa wa sayansi? Kidogo kidogo nikaanza kuona, au nadhani nimeona. Kabla yao radi ikipiga, watu walisema mungu fulani amekasirika, basi, mazungumzo yameisha. Hawa waliuliza radi inatoka wapi. Jibu likiwa baya, aliyefuata alikuwa huru kulikataa. Halafu kuna Eratosthenes, ambaye kwa kivuli na umbali wa miji miwili alipima ukubwa wa dunia nzima, na hakukosea sana. Nami nikasimamisha mpini wa fagio kwenye maegesho karibu saa sita mchana. Kivuli kilikuwa kifupi kama kidole, nikabaki nakitazama bila kujua nikifanyie nini. Jua lilinichapa bure.

Balaa lilianza na Aristotle. Huyu alikuwa mtu makini, Shangazi. Aliweka kanuni za kufikiri kwa mpangilio, akapasua samaki, akafungua mayai ya kuku siku baada ya siku aone kifaranga kinavyoumbika. Lakini mtu huyo huyo aliandika kwamba mwanamke ana meno machache kuliko mwanamume. Na alikuwa na mke ndani ya nyumba! Alishindwaje kumwambia afungue mdomo?

Nilitaka kuhakikisha. Nikamwomba Virginia apanue kinywa, nikamulika na simu. Alikuwa na meno thelathini na moja, na moja liling'olewa hospitali ya Mosoriot. Yangu ni thelathini na mawili kamili. Akapita Collins, yule dereva wa basi la hoteli anayemchumbia Virginia, naye nikamkagua. Ishirini na nane! Ina maana wanaume ndio walio na machache, au Collins hajasema kweli kuhusu umri wake. "Jeptoo, hii Qatar imekuharibu kichwa," Virginia alisema, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Mimi nilicheka kidogo tu. Jumatatu iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yangu ya kukagua mitungi ya kuzimia moto.

Nikueleze kazi hiyo ilivyo. Kila Jumatatu askari hupita ghorofa zote na maegesho ya chini, anahesabu mitungi arobaini na miwili, anaandika daftarini na kutia sahihi. Siku yangu ya kwanza Kiprono, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii, alinionyesha njia fupi: angalia aliyekutangulia ameandika nini, nawe andika vivyo hivyo. Sisi Wakenya wote wa jengo hili tumefundishana hivyo, mkubwa kwa mdogo. Hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona ni adabu, kwa sababu ukihesabu nyuma ya mkubwa wako, ni kama umemwita mwongo mbele ya watu.

Jumatatu hii nilihesabu. Nikapata arobaini na mmoja. Nikarudia kutoka juu, nikapata arobaini na mmoja. Kule chini, kwenye nguzo ya saba, kulikuwa na ndoano tupu na kibao chekundu na vumbi. Watoto wa jengo lile hupanda magari pale kila asubuhi kwenda shule. Kwa miezi saba nilikuwa nimetilia sahihi mtungi ambao sijawahi kuuona kwa macho.

Sikuandika papo hapo. Nilimwendea Kiprono kwanza, mbele ya Mungu nilimwendea kwanza.

"Hiyo imekosekana kitambo," alisema. "We andika tu forty-two. Mi nitaongea na watu wa maintenance mos mos, bila haraka."

"Na moto ukishika kabla uongee nao?"

"Moto gani, Jeptoo? Mwezi ujao nafanywa supervisor kule Al Thumama. Ukiandika hivyo, wa kwanza kupandishwa ndege ni mimi. Hao Wagiriki wako ndio watalipa fees za Cheryl?"

Nilirudi kwenye meza ya mapokezi, Shangazi. Nilimtafuta Sokrates kitabuni, yule aliyeuliza watu maswali hadi mji wake ukamhukumu kifo. Rafiki zake walitaka kumtorosha, akakataa, akanywa sumu yake. Lakini ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alimnywesha binamu yake. Aristotle naye alikaa kwa mwalimu wake Plato miaka ishirini, kisha akampinga waziwazi, na kitabu kinamsifu. Lakini Aristotle hakulelewa na mama yake Plato.

Nilishika kalamu mpaka zamu ikakaribia kwisha. Nikaandika kwamba mitungi ni arobaini na mmoja, wa nguzo ya saba haupo, nami nimetia sahihi miezi saba bila kuangalia. Jina la Kiprono sikuliandika. Lakini ukifunua kurasa za nyuma, sahihi yake iko pale kila wiki ya zamu yake kwa miaka mitatu. Sasa sijui kama nilimficha au nilimsaliti. Pengine yote mawili.

Mtungi mpya uliletwa ndani ya saa moja. Hilo limeniuma kuliko yote. Tulikuwa tunaogopa kitu cha saa moja.

Alhamisi ijayo tumeitwa ofisini sote wawili. Kiprono hajanisemesha tangu Jumatatu. Ila jana aliniachia chapati mezani, imefungwa kwa karatasi kama alivyozoea kila Alhamisi, akaondoka bila salamu. Niliila. Sijui kama nilikula msamaha au mazoea tu. Nimeshindwa kumuuliza, mimi niliyegeuka bingwa wa maswali.

Nisalimie Baba Kiprono, umwambie dawa ya mgongo aliyoagiza iko ndani ya mfuko wa Virginia. Msalimie Cheryl, ajitahidi na hesabu, na asikubali jibu la nyuma ya kitabu kabla hajalifanyia kazi. Mungu awape afya na maziwa tele, na amtangulie Kiprono Alhamisi kuliko anavyonitangulia mimi.

Nimalizie na lililonifanya niandike. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili. Ulinichukua, ukanilaza kitanda kimoja na watoto wako, na siku niliyodanganya kuhusu sukari ulinichapa, kisha ukanikumbatia. Ulinifundisha kusema kweli, Shangazi. Hukunifundisha nifanyeje ikimgusa mwanao. Kiprono akirudishwa, ataingia kwako bila kubisha hodi, kwa kuwa ni kwao. Likizo yangu ni Desemba, na sina mlango mwingine duniani. Niandikie hata mstari mmoja uniambie kama nije.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Jeptoo