Moto ya Papa

Siku ya ine ya juma, mwezi wa juillet

Na leo tena ilikatala. Siku tano tangu Papa alikufa, chauffe-eau ya gazi, ile mashini ya kupasha maji, haiwake, na shiye tunaoga maji ya baridi sawa barafu.

Nilibadirisha chupa ya gazi. Nilipangusa vumbi. Nilifinya buto ya kuwasha mpaka kidole ikauma. Bure.

Kiisha Tantine, dada ya Papa, akaniambia polepole: «Mutoto, usijisumbue. Ni miye nilifunga robine ya gazi kule nyuma ya chauffe-eau, siku ile alikufa. Moto ya mufu haibakiake mu nyumba. Tunazimaka, kiisha mwenye kubakia anawasha ingine.»

Nilikasirika. Siku tano! Na miye sikuangalia kule nyuma hata mara moja.

Lakini ile kamoto kadogo ka bleu kenye kuwakaka mu chauffe-eau, Papa alikawasha yeye mwenyewe mwaka tulihamia huku Makomeno. Hakakuzimaka hata siku moja. Na sasa...

Nilifungua robine. Ikawaka na kiberiti ya kwanza. Mu mabomba mukaanza kukohoa, sawa Papa alikohoaka asubui.

Bote balioga maji ya moto. Miye nilioga ya baridi.