Mafuta ya Nazi Kwenye Boneti

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha mbele, garini, hapa barabarani juu ya shamba letu la Wundanyi. Baba ameteremka kuja kwako peke yake, na nimeona nimwache kwanza. Basi nina nafasi ya kukueleza tulivyofika, maana tumechelewa sana na najua umetungoja.

Tangu tukuzike, Baba hakuwahi kurudi huku. Si kwamba amekusahau. Alishinda verandani pale Voi, kiti kimeelekea reli, utadhani hajastaafu, anangoja zamu. Ukimtajia safari ya kuja kaburini, jibu lake lilikuwa moja tu: "Siwezi kwenda kwake na gari lililopauka hivi." Nikamwambia tupande basi. Akarudisha macho relini. Unamjua alivyo.

Na kweli gari lilikuwa limepauka. Wewe ndiye uliyelitunza. Kila Jumapili kabla ya kanisa ulitoka na kopo lako la mafuta ya nazi na kitambaa, ukalipaka kuanzia boneti hadi nyuma, kama ulivyotupaka sisi tulipokuwa wadogo, mpaka nyuma ya masikio. Ulikuwa ukiliita kitinda mimba wako. Nikikucheka ulinijibu, "Mtoto wangu hatoki nyumbani amepauka." Ulipoondoka hakuna aliyeligusa. Vumbi jekundu likalikalia, jua likala rangi, kutu ikaanza milangoni.

Kwa hiyo shule zilipofungwa nilitoka Mahoo ninakofundisha, nikaja nyumbani na karatasi za msasa chini ya kikapu cha ndizi. Wanafunzi wangu wangeniona wangecheka mpaka walie. Nilivaa lile gauni lako la shambani, nikajifunga kitambaa puani, nikasugua. Nilisugua kutu mpaka bati likang'aa, nikaziba mashimo kwa puti, nikasugua tena. Vioo nilivifunika kwa magazeti ya zamani, nikayabandika kwa uji wa unga. Mikono ilichubuka, lakini nilifurahi, Mama, nisikufiche. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe nilale kwa uchovu wa kazi na si wa mawazo.

Asubuhi, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi, niliunyunyizia ua maji, nikapaka praima, ile rangi ya kijivu inayotangulia. Ikakataa. Nikiwa naitazama ilijikusanya yenyewe, ikaacha vidoa vya mviringo boneti nzima, rangi kuukuu ikinichungulia katikati ya kila kimoja. Nikapaka tena juu yake. Ikakataa tena.

Nikamwita fundi Mwadime, yule jirani anayenyoosha bodi za malori. Alipitisha kidole, akakinusa, akaniangalia. "Nani alikuwa anapaka gari mafuta?" Nikamwambia ni wewe. Alivua kofia kwanza, ndipo akanieleza nilipokosea. Nilianza na msasa kabla ya kuosha, kwa hiyo mafuta yako ya miaka yote nimeyasukuma ndani ya kila mkwaruzo, na rangi haishiki penye mafuta. Nitoe praima yote. Nioshe kwa sabuni na maji ya moto, kisha petroli, nibadilishe vitambaa, nioshe tena, mpaka maji yakimwagwa yatandae bila kujigawa matone. "Usibakishe hata kidogo," alisema. Alisema kwa upole, lakini ndivyo alivyosema.

Mama, sasa nimekuosha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na shangazi, mlango umefungwa, na sikulia kwa sababu mambo ya kufanya yalikuwa mengi. Mara hii nililia. Kitambaa kilitoka cha manjano, kinanuka petroli, na ndani ya petroli nazi, harufu ya shingo yako Jumapili. Kila nilipokikamua nilijua natoa kitu ambacho hakitarudi. Mlango wa upande wako ndio ulionitesa zaidi. Pale karibu na kishikio ulikuwa ukirudia kupaka.

Baba aliisikia harufu kule verandani. "Harufu hiyo," alisema, basi. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na jioni ile hakula. Nikajua nimeharibu. Nilitaka kumtengenezea gari aje kwako, kumbe nimemfutia mikono yako. Nilimaliza kazi kwa sababu tu gari haliachwi uchi.

Praima ikashika. Nayo rangi, niliyoipiga kwa bomba la kupulizia la kuazima, ikashika. Ni buluu ileile uliyoizoea. Fundi akaonya kwamba gari lisipakwe kitu chochote mpaka rangi ikomae, na nikaitikia kama mtoto wa shule.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikasikia hatua uani. Nikachungulia. Baba amevaa koti lake la kanisani, lile ulilolishona kifungo kwa uzi usiofanana, na mkononi ana kopo lako. Tangu ufe kopo hilo lilikuwa rafuni, tukifuta vumbi kulizunguka. Alichovya kitambaa akaanza na boneti, polepole, kwa kuzungusha, kama wewe. Nilitoka mbio nimzuie, na maneno yalikuwa mdomoni tayari. Kisha nikamwona amefika kwenye mlango wako. Karibu na kishikio, akarudia.

Nilimshikia kopo.

Mafuta yaliyobaki kiganjani alijipaka usoni, kisha akanipaka mimi mashavuni, mwalimu mzima nimesimama uani na gauni la shambani. "Twende," akasema. Njia nzima hadi Mwatate aliendesha vizuri, na kwenye kona za mlimani alipiga honi kila mara kama ulivyokuwa ukimlazimisha.

Najua tulichofanya. Siku rangi hii itakapochoka, atakayelisugua gari hili atapata taabu niliyoipata mimi, naye atauliza nani alikuwa analipaka mafuta. Natumaini nitakuwa karibu nimjibu.

Namwona Baba anapanda. Anakuja taratibu, kofia mkononi, na uso wake bado unang'aa. Sasa ni zamu yangu kushuka kwako, na barua hii nitaiweka chini ya lile jiwe la kichwani.

Pumzika, Mama. Kila shule zikifungwa nitamleta. Kopo likiisha nitalijaza, na hatutatoka nyumbani tumepauka.

Mwanao,
Wakesho