Watu wa Papa

Kisangani, tarehe 4 Septemba 2024

Yaya Fadhili,

Assalam aleikum. Habari ya Kampala, habari ya kazi? Wewe mwenyewe uko salama? Sisi tuko, ila Papa haiko vizuri. Tumbo limevimba sana. Hospitali walimpiga picha za scanner, wakatupatia CD. Daktari alisema, "Mtafute mkubwa wangu azisome, mimi nimefika mwisho."

Nikakumbuka yule daktari unayemfahamu huko. Nikaweka CD kwenye ordinateur uliyotuachia ili nizinakili, nikutumie kwa mtandao. Inakataa. Inasema nafasi imejaa. Nifanye nini? Kila asubuhi Papa anauliza kama zimefika.

Leki yako,
Nasra

Kampala, 5 Septemba

Mdogo wangu Nasra,

Aleikum salaam. Mpe Papa pole nyingi. Dada yetu Safiya amefika toka Bengamisa, au uko peke yako naye? Daktari wa huku amekubali kuziangalia.

Bon, sikiliza. Mashine hiyo niliijaza mwenyewe, enzi nilikuwa nawauzia watu filamu na nyimbo pale soko. Fungua folda ya Téléchargements, ya vitu nilivyoshusha mtandaoni, futa yote. Filamu pia, yote. Michezo usiifute hivi hivi, iondoe kwenye orodha ya programu. Folda ya Windows usiiguse! Kisha uende kwenye corbeille, lile pipa la taka, uimwage, maana kitu ulichofuta kinabaki mle ndani na kinaendelea kula nafasi.

Kaka yako,
Fadhili

Kisangani, 11 Septemba

Yaya,

Salaam. Umeamkaje huko? Nisamehe kwa kuchelewa, courant ilikatika na betri ya mashine haishiki hata kidogo. Safiya hajafika, barabara imeharibika na mvua.

Filamu zimekwisha, michezo imekwisha, bado haitoshi. Kilichobaki ni picha na video za familia. Clé, ile flash niliyoazima kwa jirani yetu Berthe, iko ndogo, imebeba za marehemu Mama tu, na simu yangu unaijua. Nikamwuliza Papa. Akasema, "Usifute mutu bila mi kumuona."

Donc tunakaa wote wawili, nikimfungulia moja moja. "Huyu iko Mohamadi, alinifundisha kushona. Bon, futa." "Hawa iko watoto wa tonton yenu Aboubakar. Huyu mwenye kucheka hakukua. Ngoja kwanza... futa." Anachoka haraka. Jana tulifuta chache sana, akalala amekaa.

Leki yako,
Nasra

Kampala, 12 Septemba

Nasra,

Natumaini mmeamka. Usimngojee Papa, futa zote, hata za arusi yangu. Picha tutapiga nyingine. Daktari anasafiri karibuni.

Kaka yako,
Fadhili

Kisangani, 14 Septemba

Yaya wangu,

Salaam nyingi, na za Papa pia. Zimeingia! Nilifuta yote wakati amelala, nikamwaga corbeille, nikaweka CD, ikakubali. Cyber nilikaa toka wafungue mpaka karibu wafunge, mtandao unakwenda na kukatika, lakini zimekwenda. Nilipomwambia Papa zinavyokuwa nzito, ila ya kufuta zote sikumwambia, alicheka. "Kumbe tumbo langu linakula nafasi kuliko familia nzima!" Leo amekunywa uji wote.

Leki yako,
Nasra

Kisangani, 24 Septemba

Yaya Fadhili,

Salaam. Uko mzima? Naona kwenye simu umesoma barua yangu. Daktari anasemaje? Papa ameacha uji.

Nasra

Kampala, 3 Oktoba

Mdogo wangu,

Aleikum salaam. Nisamehe kwa kunyamaza. Nilianza kuandika mara nyingi nikaacha. Daktari alizitazama zote, akaniuliza mzee anakaa na nani. Ugonjwa umeingia kwenye ini na umetapakaa. Amesema msimsumbue na safari, mkae naye tu. Kuja siwezi, karatasi zangu zimekwisha muda, nikivuka mpaka sitarudi. Papa usimwambie.

Kaka yako,
Fadhili

Kisangani, 5 Oktoba

Yaya,

Salaam. Sikumwambia, alijua. "Fadhili angekuwa na habari nzuri, angepiga simu siku ile ile." Kisha akasema, "Lete ordinateur, unifungulie watu wangu."

Nikasema, Papa, tulifuta.

"Hata wale sikuwaona?"

"Hata wale."

Akageukia ukuta. Toka hapo haniambii neno zaidi ya maji. Yaya, nakuomba, hakuna njia ya kuwarudisha? Wewe unazijua mashine hizi.

Leki yako,
Nasra

Kampala, 6 Oktoba

Nasra,

Pole, mdogo wangu. Kuna programu za kutafuta vilivyofutwa. Lakini ukishaandika kitu kipya juu yake, cha zamani kinapotea kabisa. Zile picha za scanner zimekaa pale pale walipokuwa watu. Na kufuta nilikutuma mimi. Sina la kufanya.

Kaka yako,
Fadhili

Kisangani, 8 Oktoba

Yaya,

Papa ametutoka alfajiri ya leo. Tunamzika baada ya swala ya adhuhuri. Safiya bado yuko njiani.

Barua yako sikumsomea. Nilimwambia umesema utawarudisha wote, umeshaanza kazi. Akauliza, "Na Mohamadi?" Nikasema, na Mohamadi.

Leki yako,
Nasra