Fabii Walikwenda Wote, Nasi Pia

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Jeddah mimi ni mzima, na mama yako kule Riyadh amepona mgongo. Umeniuliza kama, asemavyo mwalimu wako, Fabii, wale wakubwa wa Roma ya kale, walikuwa mashujaa kwa kwenda vitani ukoo mzima, wakauawa wote, akabaki mtoto mmoja. Mashujaa! Nusura niunguze kanzu ya bosi kwa pasi.

Ajenti aliyetutafutia kazi za ndani huku Uarabuni naye alitusifu hivyo hivyo: mimi, mama yako na mamako mdogo twende pamoja, tulindane. Wewe tukakuacha kwa jirani. Kwenye uwanja wa ndege wa Riyadh, kila kafili, yaani mwajiri, aliondoka na mfanyakazi wake. "Yalla!" wangu akanifokea, hata sikuwaaga wanangu.

Huyo mwalimu anayewasifu Fabii, mwambie akuulize wewe: mtoto aliyebaki alikula kwa nani?

Nyanya yako