Pazia la Ghorofa ya Kwanza

3 Machi

Mwanangu Sindano,

Za siku nyingi? Mimi mzima, ila goti ndilo lina kiburi: asubuhi linakataa ngazi, alasiri linazikubali. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Simu uliyopiga juzi niliisikia nusu tu. Cherehani imenila sikio kwa miaka arobaini, kwa hiyo tuendelee kuandikiana. Barua haikatiki katikati.

Nina jambo la kukiri. Nimenunua televisheni. Najua nilivyokuwa nikisema, kwamba ile ni mashine ya watu wasio na kazi. Sasa iko dukani, juu ya kabati la vitambaa, na kila jioni saa kumi na mbili nasimamisha cherehani natazama tamthilia ya Daktari. Fundi viatu wa jirani ananicheka, eti mzee mzima nalilia mapenzi ya watu. Mwache acheke. Mimi simtazami Daktari, natazama nyumba. Mwaka ule wa kwanza uliniandikia kwamba unakaa kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, dirisha la ghorofa ya kwanza, juu ya kibao cha fundi saa. Siku nilipoiona kwenye televisheni ya kinyozi niliruka, goti na yote. Hukuniambia kama nyumba yenu ni maarufu, najua hupendi majivuno. Kesho yake nikanunua televisheni yangu. Tangu hapo Daktari akisimama pale mlangoni namwambia asogee, ananizibia mwanangu. Nikiona taa yako inawaka nalala vizuri.

Ila dirisha halina pazia, Sindano. Macho ya watu hayana pazia, ndiyo maana madirisha tunayawekea.

Kuna kikundi cha wapenzi wa tamthilia hiyo. Wamekodi basi la siku moja, Jumamosi tarehe tano Aprili, kwenda kuona mikahawa na nyumba walikorekodia. Nimejiandikisha. Miaka minne sijakuona, nitakuja ninywe chai kwako.

Ni mimi baba yako,
Fundi

*

14 Machi

Shikamoo, baba.

Pole na goti. Mimi sijambo, na mwambie shangazi nakula mpaka nasaza.

Nimefurahi umepata televisheni, itakuondolea upweke. Lakini Jumamosi hiyo sitakuwepo, ofisi inanituma safari. Tena nyumba iko kwenye matengenezo, ni rangi na vumbi tu, hutaona kitu. Kukaa kwenye basi siku nzima na goti hilo ni kujitesa bure. Ahirisha, baba. Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwaka.

Mwanao,
Sindano

*

22 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Goti linaitikia pole yako.

Mwisho wa mwaka wako naufahamu, umeshafika mara nne bila wewe. Nauli nimelipa na jina langu liko kwenye orodha, basi nitakwenda. Usipokuwepo, nitaiona nyumba na kumwachia jirani yako mzigo.

Mzigo wenyewe ni pazia. Nimepata kitambaa kizito cha rangi ya udongo, hakipitishi macho. Ningekuomba vipimo, ila unajua mimi sishonei kipimo cha kuambiwa. Nimelipima dirisha kwenye televisheni. Suti ya Daktari ni namba arobaini na mbili, hilo halinipotei, na kutoka kwenye mabega yake nimepata upana wa mlango, na kutoka kwenye mlango nimepata dirisha. Pindo la chini sijalishona, nitalimalizia hapo hapo.

Ni mimi baba yako,
Fundi

*

7 Aprili

Mwanangu Sindano,

U mzima? Natumaini safari ya ofisi ilikwenda salama. Mimi nimerudi, nimevimba goti kidogo, si la kuitia mtu hofu.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja, wanaume watatu. Nilikaa na Mwalimu Mkuu mstaafu, mama mcheshi anayekumbuka kila neno alilowahi kutamka Daktari. Nikamwambia mwanangu anakaa kwenye nyumba ya mlango wa kijani. Hatujafika mbali basi zima linajua. Nikawa mtu mkubwa, nikahamishiwa kiti cha mbele.

Mkahawa wa kwanza ndipo Daktari aliporudishiwa pete na mchumba wake. Watu waliigombea ile meza ya dirishani, kila mmoja anakaa dakika mbili anapigwa picha akivua pete. Asiye na pete aliazimwa. Mimi niliagiza chai. Mhudumu akasema kwenye tamthilia hawanywi chai, vikombe huwa na maji ya rangi. Chai yao nayo haikuwa mbali na hapo.

Mkahawa wa pili ni ule wa harusi. Wenzangu walitazama jukwaa, mimi nilitazama vitambaa vya meza. Vyeupe, pindo limenyooka, pasi imepita mpaka ukingoni, na kwenye kona kuna alama ya uzi mwekundu. Vilivyokuwa kabatini vilikunjwa pembe ndani kwanza, kama tunavyokunja dukani kwetu. Nilidhani ni sisi tu duniani tunaokunja hivyo. Nikamwambia mhudumu amfikishie sifa aliyevipiga pasi.

Saa tisa tukafika kwenye nyumba. Mwalimu Mkuu akasema, "Haya mzee, tukaribishe kwako." Watu wakanipisha mbele. Nikapiga hodi mara mbili, kimya. Ya tatu akaitika mlinzi, lakini alitokea ubavuni, hakupitia mlangoni. Akatufungulia tuone. Nyuma ya mlango kuna majani, mbao zinazoegemeza ukuta na mifuko ya mchanga. Ghorofa ya kwanza ni ngazi ya chuma, na juu yake balbu imefungwa kwa waya. Mlinzi anasema huiwasha yeye, siku za kurekodi. Nikamshukuru.

Mwalimu Mkuu akaniuliza taratibu, "Mzee, si ulisema binti yako anakaa hapa?" Nikamwambia ni macho ya uzeeni, nimekosea nyumba, yake inafanana na hii. Akasema kweli, nyumba za siku hizi zote zinafanana. Akawageukia wenzetu akawaambia waendelee kupiga picha.

Ilikuwa alasiri, goti likakubali. Nilipanda ile ngazi mpaka dirishani, nikapima kwa tepu yangu. Nilikuwa nimekosea inchi mbili tu. Kwa kupimia kwenye televisheni, si haba. Kutoka pale juu mtaa unaonekana vizuri, nikawaona wenzangu wakinipungia mkono.

Pazia nimerudi nalo. Pindo bado.

Ni mimi baba yako,
Fundi

*

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Nina marahaba hapa imekaa karibu mwezi mzima, haijapata shikamoo yake. Shangazi yako anauliza kama unakula. Nimemjibu ndiyo, na sijui.

Tamthilia inaendelea, ila siku hizi nashona mpaka saa moja, na televisheni nimemwazima fundi viatu. Sasa analia yeye.

Sina hasira, Sindano. Nina wasiwasi. Taa niliyokuwa nikiitazama kila jioni ilikuwa ya mlinzi, na yako sijui iko wapi. Ni hilo tu linaloninyima usingizi, hakuna lingine.

Baba yako

*

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, kwa ile marahaba iliyokaa bila mwenzake.

Mimi mzima. Nakula kweli, usimdanganye shangazi kwa ajili yangu, tumeshadanganya vya kutosha. Barua yako ya safari nimeibeba kwenye mfuko wa aproni mpaka imelegea kwa mvuke. Kila nikikaa nijibu, mkono unagoma.

Siku niliyoondoka nilisema mbele ya shangazi kwamba sizeekei kwenye kiduka, mtaona. Halafu barua yako ya kwanza ikaja: "Niambie unapokaa, nikifumba macho nikuone." Nilikuwa nalala chumba kimoja na wasichana watano, kitanda kwa zamu. Ningekuonyesha nini? Kwenye televisheni ya kantini kulikuwa na nyumba yenye mlango wa kijani, nikakuandikia hiyo. Nilijua wewe na televisheni ni mbingu na ardhi. Njia ya mwongo ni fupi, baba, na yangu iliishia kwa safari moja ya basi. Naona haya mbele yako, na mbele ya yule mwalimu nisiyemjua.

Sikusafiri Jumamosi ile, na ofisi sina. Nafanya kazi kwa dobi. Uzi mwekundu ni alama yetu. Vile vitambaa nilivipiga pasi mimi na kuvikunja mimi, pembe ndani kwanza. Msimamizi alinikataza miezi mitatu, akachoka. Jumatatu mhudumu alileta sifa zako pamoja na vitambaa vichafu. Alisema kuna mzee anayechechemea alipapasa kitambaa mpaka chakula kikampoa. Barua yako ilikuwa bado njiani, na mimi nilishajua ni nani. Nilijifungia stoo nikalia.

Sasa nina chumba changu, huu mwaka wa pili. Barua zako huwa nazichukua posta, ila nyuma ya karatasi hii nimekuchorea njia kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni. Mlango hauna rangi. Dirisha ni moja, upana inchi ishirini na nane, urefu thelathini na sita. Halitazami mtaa, linatazama ukuta wa jirani, na nimelitundikia shuka. Taa naiwasha mwenyewe.

Lakini hivyo ni vipimo vya kuambiwa, na wewe huvishonei. Njoo na tepu. Jumapili yoyote nipo, na hutafika hodi ya pili.

Mwanao,
Sindano