Wananitaka Nisome Sentensi Iliyomnyamazisha Bibi Yangu

Mpendwa Bi. Loretta,

Nisamehe kwa urefu wa barua hii, mwalimu wangu husema nikikasirika nasahau nukta, na leo nimekasirika. Nina miaka kumi na sita, nasoma darasa la kumi na moja katika mji mdogo wa nafaka magharibi mwa Minnesota, na nahitaji msaada wako kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo mbele ya maktaba yetu kitazinduliwa kibao cha shaba cha kumkumbuka Russell Amdahl, mwandishi wa riwaya, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuvuta kitambaa na kusoma kwa sauti maneno yaliyochongwa juu yake.

Huenda wewe unamjua Amdahl. Alizaliwa hapa, akafanya kazi msimu mmoja kwenye ghala la nafaka, akaenda New York, na mwaka 1972 akatoa Mjane wa Ghalani, riwaya ambayo wahakiki wa huko walisema hakuna iliyowahi kuichora miji kama yetu kwa ukweli kiasi kile, ingawa sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kulala hapa. Kisha akaandika nyingine nne ambazo hawakuzipenda, akasahauliwa, akawa anafundisha chuo fulani na kunywa pombe, na alipokufa miaka tisa iliyopita hakikuwepo kitabu chake hata kimoja madukani, mpaka profesa mmoja alipoandika maisha yake na kusema tulimkosea, huyu alikuwa mkubwa, na sasa anasomwa tena kila mahali. Mimi nimemsoma mara nne. Nilimpenda, Bi. Loretta, nataka ulijue hilo mwanzoni, nilimpenda kwa kuwa alionyesha kwamba mtu anaweza kutoka hapa akaandika, na mimi nataka kuandika.

Riwaya yenyewe ni ya Hilda Moe, mke wa mfanyakazi wa ghala, anayemuua mumewe polepole kwa kutia sumu ya panya kwenye pai, na mji mzima unajua na unanyamaza.

Babu yangu Orrin alifanya kazi kwenye ghala hilo hilo. Alikufa kwa saratani ya tumbo mwaka 1971. Mke wake, mama wa baba yangu, ni Bibi yangu Ardis Tollefson, ambaye ana miaka themanini na tatu na anaishi nasi.

Kanisani kwetu kila mwezi tunakula pamoja katika ukumbi wa chini, kila familia inaleta sahani yake, na chini ya sahani unabandika utepe wenye jina lako ili irudi kwako. Bibi hupeleka pai ya tufaha. Tangu nikiwa mdogo pai ya Bibi hurudi nyumbani nzima, haijakatwa, nasi tunaila Jumatatu, na mimi nilidhani watu wanatuachia kwa adabu. Nilipokuwa na miaka tisa Curt Sandvik aliniambia mezani, "Kula wewe, sisi wengine bado tunataka kuishi," wenzake wakacheka, mama yake akamfinya sikio, lakini nakumbuka mama yake naye hakukata kipande.

Mwezi uliopita Mwalimu Brandvold, anayetufundisha fasihi, alinituma maktaba nikasome toleo la kwanza. Bi. Verna, mkutubi wetu, aliniuliza bila kuinua macho, "Unataka ile safi au ile ya mji?"

Nikamuuliza ya mji ndiyo ipi.

"Hii yenye majina. Hii ilikuwa inagombewa, watu wanaisubiri miezi. Ile safi haina faida, utaisoma mpaka mwisho hujui nani ni nani." Hapo akaniangalia, akakumbuka mimi ni wa nani, akairudisha chini ya meza. "Chukua safi, mwanangu. Hii imechakaa."

Nilisema nataka ile ya mji. Ile safi imeazimwa mara sita kwa miaka hamsini. Ya mji imebandikwa karatasi mpya ya tarehe mara nne kwa sababu zilijaa. Pembeni mwa kurasa, kwa penseli, kwa miandiko ya watu mbalimbali, wameandika kila mhusika ni nani, mchungaji fulani, mlevi fulani, mwizi wa ng'ombe fulani, na ukurasa wa thelathini na moja, kando ya jina la Hilda Moe, pameandikwa Ardis T., na chini yake mwandiko mwingine umeongeza: bila shaka.

Hakuna aliyemwita polisi. Hakuna aliyemuuliza. Hapa kwetu watu hawasemi, wanachukua tu kipande cha pai ya mtu mwingine, kwa upole, wanakuuliza habari za mgongo wako, miaka hamsini.

Nilimkuta Bibi anakunja nguo. Nikamuuliza kama anajua kilichoandikwa kwenye kile kitabu.

"Ukurasa wa thelathini na moja," alisema, na hakuacha kukunja.

"Na Baba anajua?"

"Baba yako alipigana shuleni mwaka mzima. Unadhani walikuwa wanagombea mpira?"

"Sasa kwa nini unaendelea kupeleka pai, Bibi?"

"Nikiacha watasema nimekiri. Shika hii shuka upande ule."

Tulipomaliza shuka akaenda chumbani akarudi na bahasha. Bibi alikuwa karani wa kupiga chapa pale ghalani na hakuna barua aliyowahi kuituma bila kubaki na nakala. Hii aliituma New York mwaka 1973, nainakili yote: "Ndugu Russell, watu hapa wanasema Hilda ni mimi. Orrin ulimjua, na ulimwona alivyoumwa. Sikuombi ubadilishe kitabu chako. Nakuomba uandike mistari miwili katika gazeti la hapa useme si mimi. Mwanangu ana miaka saba na anaenda shule. Wako, Ardis Tollefson."

Jibu lilikuja kwenye kadi, bila salamu. "Mwandishi hajibu barua za wahusika wake."

Bi. Loretta, sentensi hiyo imo katika kitabu chetu cha fasihi, sura ya uhuru wa msanii. Amdahl aliirudia kwenye mahojiano, wahakiki wakacheka wakaibeba, profesa ameifanya jina la sura nzima, na mimi mwenyewe niliiandika kwa wino wa zambarau ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ilikuwa barua ya nani. Na ndiyo iliyochongwa kwenye kibao. Ndiyo wanayotaka niisome, Bibi akiwa amekaa pale.

Nilimpelekea Mwalimu Brandvold ile kadi. Aliisoma, akavua miwani, nikadhani ameona aibu.

"Hii ni hazina," alisema. "Unajua wataalamu wangeipokea vipi kadi hii?"

"Mwalimu, huyo ni bibi yangu."

"Ndiyo maana nasema. Inaipa sentensi uzito zaidi."

"Naomba ibadilishwe."

"Kibao kimeshachongwa, binti. Wageni wanatoka mji mkuu wa jimbo. Unataka nisimame niwaambie nini, kwamba kuna mama mmoja alikwazika?" Kisha akalainisha sauti, na huko kulainisha ndiko kulikoniumiza, akanikumbusha kwamba wiki hiyo hiyo ndiyo anaandika barua ya kunipendekeza chuo.

Baba anasema ataking'oa kibao kwa trekta. Bibi nilipomwambia nitakataa kusoma alisema, "Usinifanyie vurugu," akawasha redio. Mimi nina mpango mwingine. Katika kitabu cha profesa kuna maelezo madogo chini ya ukurasa kwamba Hilda huenda alitokana na shangazi wa Amdahl, Gunda, wa Duluth, ambaye mumewe alikufa ghafla. Nataka nisimame siku hiyo niwaambie Hilda ni Gunda, ushahidi huu hapa, na waende wakafute walichoandika. Au nikatae tu. Au nisome kama walivyonipa, nipate chuo, niondoke nisirudi, kama yeye.

Kinachonitia hasira kuliko vyote ni kwamba riwaya bado ni nzuri. Nimeirudia yote nikitafuta ukurasa mmoja mbaya na sikuupata.

Nifanye nini? Tafadhali badilisha majina.

Mjukuu, Minnesota

*

Mjukuu mwanangu,

Majina nimeyabadilisha yote, na jina la mji nimeliondoa kabisa, ingawa wenyewe watajitambua wakifika kwenye pai.

Kabla sijakugombeza, nijigombeze mimi. Sentensi ile nimeitumia mara mbili katika safu hii, kuwafunga midomo wasomaji walionikera, na mara zote mbili nilijiona mjanja sana. Haikunijia hata siku moja kuuliza ile barua ilisema nini. Sasa nimeisoma. Ina sentensi tano, haina tusi, haina kilio, na mwanamume aliyesifiwa kwa kuwaelewa watu wa miji midogo alishindwa kuijibu kama mtu mzima. Alikuwa mwoga, na waoga wenye maneno mazuri hupata wafuasi wengi. Nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo hasira yako ni ya haki, wala asije mtu akakuambia uipunguze. Lakini angalia unataka kuipeleka wapi.

Huyo Gunda amekukosea nini? Mume wake alikufa ghafla, kama wanavyokufa waume wengi, na sasa wewe unataka kusimama mbele ya wageni umtwike mauaji kwa sababu ya neno "huenda" lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Yeye hana mjukuu wa kuniandikia barua. Binti, hicho ndicho walichomfanyia bibi yako, tofauti ni kwamba wao walitumia penseli na wewe utatumia kipaza sauti. Hilda Moe ni mtu wa kubuni. Hakumuua mtu yeyote kwa sababu hakuwahi kuwepo. Watu wenu walisoma riwaya kama wanavyosoma orodha ya wafu kanisani, wakitafuta majina, na pasipokuwa na jina wakaliweka. Acha kuwatafutia jina jingine.

Na ninyi wa mji ule, maana najua gazeti hili linafika huko, mmemwangalia mwanamke huyu akibeba sahani yake nzima mpaka kwenye gari kwa miaka hamsini. Sina ushauri kwenu. Hamjaniomba.

Tuendelee. Umeniandikia kurasa tano. Umeniambia alichosema mwalimu, alichosema mkutubi, alichosema baba yako, hata mtoto wa Sandvik. Nimeipitia barua mara tatu na sijaona mahali ulipomuuliza bibi yako yeye anataka nini. Ulimwambia utakataa kusoma, akakuambia usimfanyie vurugu. Hapo alikukataza vurugu tu. Swali lenyewe bado hujamuuliza. Mtu anayetaka jambo liishe hutupa kadi kwenye moto, haitunzi pamoja na nakala ya barua miaka hamsini na kumwonyesha mjukuu aliyeuliza mara moja tu. Lakini mimi nakisia, na wewe unakisia, na mwenyewe yuko chumba cha pili. Zima redio. Muulize.

Akisema hataki lolote lisemwe, basi halisemwi, hata ukiungua. Utamwambia mwalimu wako kwamba wewe husomi, amtafute mwingine, na Jumamosi utakaa karibu na bibi yako, au mtakwenda wote wawili mahali pengine kabisa. Jina ni lake. Kulisafisha au kuliacha ni uamuzi wake, si insha yako.

Akisema ndiyo, lisemwe, fanya hivi. Alhamisi mwendee Mwalimu Brandvold umwambie utakachosoma. Umwambie, usimwombe. Akikuzuia, mwachie kitambaa chake avute mwenyewe, kisha niletee mimi barua ile na majina ya kweli, kwa ridhaa ya bibi yako iliyoandikwa kwa mkono wake, nami nitaichapa hapa. Aliomba mistari miwili gazetini. Nitampa safu nzima, na juu yake nitaandika kwamba si yeye.

Ile barua ya chuo isikutie hofu. Mwalimu anayeitaja barua ya mapendekezo katikati ya mazungumzo kama yale ameshakuambia anavyoiandika. Nenda kwa mwalimu wa kemia, au wa historia, yeyote anayekufahamu kwa kazi yako. Nenda kesho.

Kuhusu riwaya, usiitupe. Ni nzuri, nami naipenda bado, na aliyeiandika alimtendea bibi yako unyama. Unaweza kuyabeba yote mawili bila kuyapatanisha. Ukija kuandika vya kwako, na kwa barua hii naona utaandika, siku moja mtu atakuletea mistari mitano ya kuumia. Wewe utaijibu.

Na kama Jumamosi itakuwa siku ya kusoma, soma kwa mpangilio wa tarehe. Anza na barua ya mwaka 1973, yote, pamoja na jina la aliyeiandika. Kisha vuta kitambaa usome kilicho kwenye shaba, neno kwa neno kama walivyokuagiza. Usiongeze maelezo, usilie kama unaweza kujizuia, usimshukuru mtu. Ukimaliza rudi kwenye kiti chako ukae, na uwaache wao watafute la kusema.

Bi. Loretta